Pea ishirini na saba: shajara ya Krismasi ya jumuiya yetu, Mtwara

Jumuiya yetu ndogondogo ya Kikristo ina kaya 26, nyingi zikiwa Chikongola na chache Shangani, hapahapa Mtwara mjini. Mimi ni katibu wake. Nimeanza shajara hii ili jumuiya nyingine, na yeyote anayefikiria kazi kama hii ya kuwanunulia watoto wa makao viatu vya shule, aone tulipopita, tulipokwama na kila shilingi ilikokwenda. Jina la makao ya watoto silitaji, wala la mtoto yeyote. Sababu mtaikuta kwenye tarehe 28 Novemba.

2 Novemba 2024, Jumamosi

Leo tumewaombea marehemu wote, na baada ya sala mwenyekiti akaanzisha mazungumzo ya Majilio. Mwaka jana tulikwenda makao tarehe 24 Desemba na katoni za juisi, biskuti, pipi na mafuta ya kupaka. Tulikuta vikundi vitatu vimetutangulia na katoni zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Watoto walisimamishwa juani watuimbie nyimbo zilezile walizokwisha kuwaimbia waliotutangulia. Tukapiga picha, na kabla ya adhuhuri tukawa tumeondoka.

Mama mmoja wa jumuiya, mwalimu wa shule ya msingi, ametueleza jambo ambalo hakuwahi kulisema. Februari alimkuta mtoto wa makao yaleyale darasani kwake, amevaa ndala zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni. Alilisema kwa sauti ya chini, wala hakumlaumu mtu. Tulikaa kimya.

Tumekubaliana kwamba safari hii tunaanza kwa kuuliza.

9 Novemba, Jumamosi

Tumekwenda makao watu watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Tulikusudia kwenda mikono mitupu ili mazungumzo yasigeuke kuwa makabidhiano, ila mwenyekiti alishindwa. Huku kwetu huingii nyumba ya watu hivihivi. Akanunua fungu la embe njiani, na ni vyema alifanya hivyo, maana watoto walizimenya huku wakitusogelea, na maneno yakaanza yenyewe.

Mama mlezi alitufungulia daftari lake. Watoto ni 34: 21 wako shule ya msingi, 6 sekondari na 7 hawajaanza shule. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia: "Desemba hatuna shida, ndugu zangu. Desemba tunaletewa mpaka tunagawia majirani. Njooni mnione Januari."

Januari shule zinafunguliwa. Sare wanazo, zina mfadhili. Viatu havina mwenyewe, na madaftari yanapatikana kwa kubangaiza. Kuna wasichana tisa waliokwisha kuvunja ungo, na kila mwezi hana hakika ya taulo zao. Juisi na pipi ameomba tusilete kabisa, kwa sababu baada ya sikukuu anakesha na watoto wanaoumwa meno.

Alituomba na mambo mengine. Tusije wiki ya Krismasi, tuje ikishapita. Watoto wasiimbishwe. Tukitaka kula nao, tukae mkekani tule nao, tusisimame tukiwatazama wakila. Zaidi ya nusu ya watoto ni Waislamu, hivyo nyama yoyote ichinjwe na Mwislamu ili sinia liwe moja kwa wote.

Mazungumzo yale yalichukua muda usiofika saa nzima, na mpango wote wa mwaka jana ukawa umevunjika.

16 Novemba, Jumamosi

Siku ya ahadi. Bei ya korosho mnadani imevuka shilingi 4,000 kwa kilo msimu huu, kwa hiyo watu wameahidi kwa moyo mkunjufu. Jumla ya ahadi ni 1,560,000. Nimezisoma kwa sauti jina kwa jina, na jioni nikaiweka orodha kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, mbele ya kila jina nikiandika "ametoa" au "bado". Niliona ndiyo njia ya uwazi. Soma tarehe 7 Desemba kabla hujaiga.

28 Novemba, Alhamisi

Kibali kimepatikana baada ya majuma mawili.

Barua yetu ya kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa ilirudishwa. Haikuwa na mhuri wa parokia, haikutaja siku tutakazokwenda, wala haikuorodhesha watu watakaokaa karibu na watoto. Tuliandika kijibarua cha salamu, wakati kinachotakiwa ni barua inayoeleza nani, lini na kufanya nini. Ya pili ilisainiwa na Baba Paroko. Jana ofisi zilifungwa kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, leo tumeitwa.

Afisa alitukumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda utu wa mtoto, na akatupa masharti yake: tusipige picha inayoonyesha sura ya mtoto, tusitaje jina, tusiulize mtoto amefikaje makao. Sharti la picha lilizua ubishi kwenye jumuiya. Tuna ndugu zetu walioko Dar es Salaam wanaochangia, na wamezoea kuonyeshwa picha. Mwishowe tumekubaliana kwamba watapigiwa picha ya risiti na ya viatu vikiwa vimepangwa kwenye benchi. Mimi binafsi nililipokea sharti hili kwa shukrani. Bado nina picha za mwaka jana kwenye simu, na nikizitazama sasa naona watoto wanaokunja nyuso kwa jua.

30 Novemba, Jumamosi

Hili halikuwemo kwenye mpango. Baadhi ya kaya ziliomba kuchangia nguo badala ya fedha, tukaona si vibaya. Zimekuja salfeti tatu. Akina mama wamezifungua barazani kwa mwenyekiti na kuchambua kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Tumekuta magauni ya watu wazima, mashati yaliyokatika kola, kiatu cha mguu mmoja, suruali yenye mafuta ya gari. Zilizofaa zimejaa nusu salfeti. Zimefuliwa na kupigwa pasi, na tutazipeleka. Nyingine zimekuwa madekio.

Mwakani hatukusanyi nguo bila kutaja umri na aina. Aliyeleta kiatu kimoja hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia tunataka nini.

5 Desemba, Alhamisi

Kosa la vipimo. Nitalieleza kwa urefu.

Tulipata wazo la kupima miguu kwa kamba ya katani: unaweka kamba chini ya unyayo, unaikata ilingane na urefu wa mguu, unaifunga karatasi yenye alama ya mtoto. Kamba 27 kwa wanafunzi 27. Tukazitia zote kwenye mfuko mmoja wa rambo na kurudi na bodaboda. Njiani tukakutana na mvua, moja ya zile za mwanzo za msimu. Tulipofika mjini karatasi zilikuwa zimelowa, nyingine zimechomoka. Kamba tisa hazikuwa na mwenyewe.

Hata zilizobaki na alama hazikutufaa. Tulinunua pea tatu za majaribio na kuzirudisha makao: moja ilibana ubavuni, nyingine ilipwaya, ya tatu ilikuwa fupi. Mwenye duka alitueleza mambo mawili ambayo tungeyasikia mapema kama tungemuuliza. Kamba inaonyesha urefu, haionyeshi upana wa mguu. Tena katani ikilowa inabadilika. Alikubali kupokea pea mbili. Ya tatu mtoto alikwisha kutembea nayo kwenye changarawe, soli ikachubuka. Hasara 13,000.

7 Desemba, Jumamosi

Mweka hazina amesoma hesabu: zimeingia 412,000 kati ya 1,560,000.

Ahadi nyingi zilitegemea korosho. Mkulima anapeleka mzigo ghalani, anasubiri mnada, kisha anasubiri ujumbe wa benki. Bei inaweza kuwa nzuri na mfuko ukabaki mtupu kwa majuma. Tulipaswa kulijua, maana nusu yetu tuna mikorosho.

Lililoniuma zaidi si hilo. Mama mmoja mjane hajaonekana jumuiyani Jumamosi tatu mfululizo. Leo baada ya sala nimekwenda kwake na mwenyekiti. Alitukaribisha vizuri, akatuletea maji, na alichukua muda kabla ya kusema. Aliahidi 50,000 kwa kutegemea korosho zake, na fedha haijaingia. Kila akifungua simu analiona jina lake na neno "bado" mbele yake, na wanawe waliooa wamo kwenye kundi lilelile. Akaona bora akae nyumbani.

Orodha ile niliiandika mimi. Nimemwomba radhi palepale, na jioni nimeifuta kundini na kuwaomba radhi wote.

Kuanzia leo tunatumia bahasha. Kila kaya imepewa bahasha moja ya kaki, zote zinafanana, hazina jina. Kila kaya inairudisha ikiwa imefungwa, iwe na kitu au haina. Zinafunguliwa na watu watatu kwa pamoja, na kinachotangazwa ni jumla peke yake.

12 Desemba, Alhamisi

Vipimo upya. Wazo limetoka kwa fundi cherehani wa jumuiya: kama unakata kitambaa kwa kuchora, kwa nini mguu uupime kwa kamba?

Tumeomba maboksi matupu ya biskuti dukani, bure. Boksi linalazwa sakafuni likigusa ukuta. Mtoto anasimama peku, kisigino kimegota ukutani, uzito wote kwenye mguu ule. Penseli inashikwa wima na kuzungushwa kando ya mguu. Mbele ya kidole kirefu unaongeza upana wa kidole chako kidogo, kwa ajili ya kukua. Kisha unakata. Badala ya jina tunaandika namba ya mtoto katika daftari la Mama mlezi, kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi lenyewe, ili hata mvua inyeshe namba isipotee.

Kazi ilikwenda haraka, mpaka alipofika mvulana mmoja wa kama miaka kumi. Alipokanyaga boksi niliona mguu haulali. Vidole vyote vitano vilikuwa vimekunjwa, vimeng'ang'ania boksi kama vya mtu anayekwea mnazi. Nilidhani anaona haya. Nilimwambia, "Mwanangu, legeza." Akalegeza kidogo, nilipoanza kuchora akakunja tena. Mlezi msaidizi akachuchumaa, akamuuliza taratibu. Alijibu akitazama chini. Kumbe kuna wakati waliletewa viatu kwenye gunia, vingi vikiwa vidogo. Wenye miguu mikubwa walikosa. Alikuwa anaupunguza mguu wake ili asikose.

Nilimwonyesha boksi lake na namba yake, nikamweleza kwamba mara hii kiatu ndicho kitakachotafutwa kifuate boksi hili, hata kama ni kikubwa kuliko cha Baba Paroko. Aliangalia boksi, akaniangalia mimi, kisha vidole vikafunguka kimoja kimoja. Tulichora upya. Mstari wa kwanza ungempa namba 35. Mguu wake ni 37.

Baada ya yeye tulirudi kwa waliotangulia na kuwatazama vidole. Wengine wawili walikuwa wamefanya vilevile.

17 Desemba, Jumanne

Ununuzi. Duka lilelile la sokoni, kwa makubaliano ya bei ya jumla. Muuzaji aliingiza kila kipande cha boksi ndani ya kiatu: kikijikunja, anapanda namba, kikicheza pembeni, anashuka. Tulitumia saa nne. Pea 14 za watoto wadogo kwa 13,000 na pea 13 za wakubwa kwa 18,000. Bei ya wakubwa ilikuwa 20,000, lakini mwenye duka, Mwislamu, aliposikia ni za makao alipunguza 2,000 kila pea bila kuombwa. Boksi la kila mtoto limebaki ndani ya kiatu chake cha kulia, namba ikionekana.

Soksi, madaftari na taulo za kike tumemaliza siku hiyohiyo. Hapakuwa na tatizo.

21 Desemba, Jumamosi

Bahasha zote 26 zimerudi, katika Jumamosi mbili. Jumla yake ni 519,000. Ndugu wa Dar es Salaam wametuma 217,000. Pamoja na zile za mwanzo tuna 1,148,000. Ahadi hazikutimia zote, na hatutamuuliza mtu.

Kumekuwa na mvutano juu ya lini viatu vitolewe. Wanajumuiya kadhaa walitaka viatu vivaliwe sikukuu, wawaone watoto navyo. Mama mlezi anataka vivaliwe siku ya kwanza ya shule, kwa sababu viatu vya Krismasi huisha kwenye kandanda kabla shule hazijafunguliwa. Niliwaelewa wote wawili. Aliyejinyima kwa ajili ya kiatu ana hamu ya kukiona mguuni. Tumeamua hivi: tarehe 28 kila mtoto atajaribu viatu vyake, kisha vitafungiwa stoo ya makao hadi Januari.

28 Desemba, Jumamosi

Sikukuu ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode kule Bethlehemu. Tumeichagua kwa sababu Mama mlezi alitaka tuje baada ya Krismasi, na kwa sababu ya siku yenyewe.

Misa alfajiri, kisha kirikuu ikapakia sufuria, mchele, viatu na watu sita. Wengine tulikwenda kwa bajaji. Mbuzi wawili walichinjwa na jirani yetu, mzee anayeswali msikiti wa mtaani kwetu. Alikuja na kisu chake, akakataa ujira, akakubali kubaki kula. Pilau iliongozwa na yule mama mjane. Alirudi jumuiyani Jumamosi ya tarehe 14 na leo ndiye aliyekuwa akitoa amri jikoni.

Kosa la siku: tulipikia watu hamsini kwa hesabu ya watoto 34. Walikuwepo 26. Wanane wamekwenda likizo kwa bibi na shangazi zao, jambo linalofanyika kila Desemba, nasi hatukuuliza idadi ya siku yenyewe. Pilau iliyobaki Mama mlezi aliigawa kwa majirani. Anayeiga apige simu siku moja kabla.

Baada ya chakula tulitandika mikeka barazani kwa ajili ya kujaribu viatu. Mikeka ni kwa sababu ya somo la changarawe. Viatu viwili havikukaa sawa, na kosa ni letu. Tulichora mguu wa kulia peke yake, na watoto wawili wana mguu wa kushoto mkubwa zaidi. Choreni miguu yote miwili. Soli zikiwa safi, muuzaji alibadilisha Jumatatu yake bila gharama.

Yule mvulana wa namba 37 alivaa, akafunga kamba, akasimama. Hakutembea. Alibaki amesimama palepale juu ya mkeka, akiinua vidole ndani ya kiatu, nasi tukiona ngozi ya juu ikipanda na kushuka.

11 Januari 2025, Jumamosi

Jumatatu shule zinafunguliwa. Leo stoo imefunguliwa na viatu vimetolewa. Nilikwenda peke yangu, kusaidia kusoma namba. Wasichana tisa wamepewa taulo za miezi mitatu na Mama mlezi mwenyewe, chumbani, bila sisi.

Hesabu kamili:

Viatu pea 27: 416,000
Pea moja iliyoharibika: 13,000
Soksi pea 54: 54,000
Madaftari ya msingi, dazeni 21 kwa 5,000: 105,000
Madaftari makubwa ya sekondari, 48 kwa 2,000: 96,000
Taulo za kike, pakiti 27 kwa 2,000: 54,000
Mbuzi wawili: 260,000
Mchele kilo 20: 52,000
Viungo, vitunguu, nyanya na mafuta: 38,000
Kirikuu: 25,000
Makato ya simu: 9,600

Jumla 1,122,600. Zimebaki 25,400. Nauli za bajaji kila mtu alijilipia. Mtaona kwamba siku moja ya kula imechukua 350,000, karibu bei ya viatu vyote. Sijutii pilau, maana tulikula sinia moja na watoto na mzee wetu wa msikitini. Ila mwakani nitapendekeza mbuzi mmoja na kuku wachache.

Pea 26 zimechukuliwa. Moja imebaki, ya msichana wa darasa la nne ambaye hajarudi likizo.

18 Januari, Jumamosi

Afisa ustawi amethibitisha kwamba yule msichana atabaki Newala kwa shangazi yake, na ameandikishwa shule huko. Tumefurahi sana. Mama mlezi aliuliza tufanye nini na viatu, kama apewe mwingine. Hakuna mwingine mwenye mguu ule, na vile ni vyake.

Leo asubuhi nimevifunga kwenye mfuko pamoja na soksi zake na dazeni yake ya madaftari, nikaupeleka stendi kwenye basi la Newala. Kondakta ametoza 3,000, imetoka kwenye ile akiba, sasa zipo 22,400. Saa tisa alasiri shangazi amepiga simu kuwa mzigo umefika. Aliniuliza kile kipande cha boksi kilichomo ndani ya kiatu cha kulia ni cha nini, kwa sababu mtoto amekataa kisitupwe.